Klachi Imeisha: Seti Mpya, Pleti Peke Yake, Mtumba au Kubandika Lainingi?

Mwenye gari la gia za mkono akiambiwa na fundi kwamba klachi imeisha, jambo la kwanza analouliza huwa ni bei ya kifaa. Duka lolote atakaloliendea, liwe la Gerezani pale Kariakoo, la Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au la Kisekka mjini Kampala, litamwekea mezani mambo manne yanayopishana sana kwa bei: seti mpya kamili, klachi pleti (sahani inayopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi) mpya peke yake, seti ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililokatwa Japani, au ushauri wa kuipeleka pleti kuukuu ikabandikwe upya lainingi, yaani kitambaa cha msuguano kilicho kwenye uso wake. Wengi hulinganisha bei hizo nne kana kwamba ndizo gharama yote, na hapo ndipo uamuzi unapopotoka.

Klachi haifikiwi mpaka giaboksi ishushwe. Katika Hilux au HiAce, kazi hiyo ni kufungua propela, starita na boliti za giaboksi, kisha kuiteremsha kwa jeki. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Corolla, ni kuchomoa shafti za magurudumu, kuishikilia injini isining'inie na kufungua mauntingi, yaani vishikizo vya injini na giaboksi. Katika gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, kisanduku cha kugawa nguvu nacho hushuka pamoja na giaboksi, na uzito wake unahitaji watu wawili au watatu. Ufundi huo ni uleule na malipo ya fundi ni yaleyale, kiwe kitakachofungwa ni kifaa cha kudumu miaka au cha kudumu miezi. Kwa sababu hiyo nitayapima machaguo yote manne kwa swali moja: ukichagua hili, giaboksi itashushwa tena lini?

Kabla ya kununua: hakikisha ni klachi

Dalili ya klachi iliyoisha ni kuteleza, na kuteleza kunapimika. Tafuta barabara tambarare isiyo na msongamano, weka gia ya tatu au ya nne gari likiwa katika mwendo mdogo, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu. Injini ikipaza sauti na mshale wa mizunguko ukapanda huku mwendo wa gari ukibaki palepale, pleti haishiki tena. Gia kubwa ndiyo inayoielemea klachi zaidi, na kwa hiyo kuteleza huanza kuonekana huko kabla ya kufika kwenye gia ya kwanza. Ndiyo maana gari linaloonekana zima kabisa katika mizunguko ya mjini hulegea likiwa na mzigo kwenye mlima wa Kitonga, na abiria wakaanza kusikia harufu kali ya kitu kinachoungua.

Gia zinazogoma kuingia, au rivasi inayosaga, ni jambo jingine. Hapo klachi inashika vizuri ila haiachii, na mara nyingi chanzo kiko nje ya giaboksi. Kanyaga pedali mara mbili tatu mfululizo. Ikiwa gia sasa inaingia kwa ulaini, tafuta hewa au uvujaji katika mfumo wa mafuta ya klachi: silinda ya juu iliyo karibu na pedali, au ile ya chini inayosukuma uma wa klachi. Katika magari mengi ya Kijapani silinda hizo zote mbili hubadilishwa bila kuigusa giaboksi, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya kazi ya klachi. Magari kadhaa ya Ulaya yana silinda ya chini iliyozungushwa kwenye shafti ya giaboksi, ndani kabisa. Hiyo inapovuja, giaboksi hushuka, na ni busara kubadilisha kila kitu kwa pamoja.

Katika gari linalotumia waya, angalia kwanza nafasi ya bure ya pedali, yaani ule umbali mdogo ambao pedali hushuka kabla ya kukutana na uzito. Toyota nyingi hutaka milimita 5 hadi 15. Waya uliokazwa kupita kiasi huifanya beringi ya klachi iisukume presha pleti, yaani sahani yenye springi inayoibana klachi pleti, wakati wote, na klachi itateleza ingawa lainingi yake bado ni nene. Kuulegeza ni kazi ya dakika chache. Kwenye magari ya waya, klachi inayoshika juu sana ni ishara ya kuaminika kwamba pleti imekwisha. Kwenye magari ya mfumo wa mafuta ishara hiyo ni dhaifu, kwa kuwa mfumo wenyewe hujirekebisha kadiri pleti inavyopungua, na dereva anaweza kufika mwisho wa lainingi bila pedali kumwambia lolote.

Sauti nazo zitenganishwe. Mlio unaotokea pedali inapokanyagwa unatoka kwenye beringi ya klachi. Mlio unaosikika pedali ikiwa juu, ukatoweka unapoikanyaga, kwa kawaida ni wa beringi ya shafti inayoingia giaboksi, na hakuna klachi duniani itakayouondoa. Gari linalotetemeka wakati wa kuondoka linaweza kuwa na mauntingi zilizokatika, au pleti iliyolowa oili inayovuja kwenye sili ya nyuma ya injini. Fundi asiyetaja sili hiyo kabla ya kukuagiza ununue pleti hajamaliza uchunguzi wake, kwa maana pleti mpya iliyofungwa chini ya sili inayovuja italowa kama ile ya zamani.

Ubadilishe sasa au usubiri?

Kilomita hazitoi jibu. Gari linalokimbia barabara kuu kati ya Dar es Salaam na Dodoma, likikaa kwenye gia ya tano kwa saa nyingi, linaweza kuvuka kilomita 150,000 na klachi yake ya kiwandani. Gari la aina ileile linaloshinda kwenye foleni, dereva wake akilishikilia mlimani kwa nusu klachi, yaani pedali ikiwa imekanyagwa nusu, badala ya breki ya mkono, haliwezi kufika nusu ya hapo. Tazama dalili, usitazame dashibodi.

Kama dalili ni mlio mdogo wa beringi, unaweza kusubiri mpaka fedha ipatikane, ilimradi mlio hauongezeki, kwa sababu beringi ikikwama huvila vidole vya springi ya presha pleti na siku hiyo gari halitatoka lilipo. Kama dalili ni kuteleza, kusubiri kunagharimu. Pleti inayoteleza hugeuza nguvu ya injini kuwa joto, na joto hilo huingia kwenye flaiwili, yaani gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake, na kwenye presha pleti, huacha madoa ya buluu, hupasua uso wa chuma kwa nyufa ndogondogo, na mwishowe lainingi huisha kabisa na ribiti, yaani vipini vya chuma vinavyoishikilia, zikaanza kukwangua chuma. Kazi ambayo mwezi uliopita ilikuwa ya seti peke yake inakuwa ya seti na flaiwili. Anayesubiri akiwa na klachi inayoteleza hajaokoa chochote. Ameahirisha malipo na kuyaongeza.

Seti mpya kamili

Seti kamili ina vitu vitatu: klachi pleti, presha pleti na beringi. Majina yanayoaminika kwa magari yetu mengi ni Aisin na Exedy kutoka Japani, na kwa magari ya Ulaya ni Sachs, LuK na Valeo. Kampuni hizi huviuzia viwanda vya magari vyenyewe, na kwa hiyo seti yenye boksi la Aisin mara nyingi inakaribiana sana na ile yenye boksi la Toyota huku bei ikiwa chini. Kwa mwenye Hilux, Corolla au HiAce, ningechagua boksi la mtengenezaji wa klachi na kuitumia tofauti ya bei kwenye sili na kukereza flaiwili.

Hatari kubwa ya chaguo hili ni bidhaa bandia, ambazo hutengenezwa kwa makusudi zifanane na majina hayohayo. Boksi si ushahidi. Ushahidi ni kifaa chenyewe, na njia bora ya kukipima ni kukiweka kando ya cha zamani. Ndiyo sababu napendelea giaboksi ishushwe kwanza, kisha mwenye gari aende dukani na pleti kuukuu mkononi, hata kama gari litalala gereji usiku mmoja zaidi. Linganisha kipenyo cha pleti, hesabu meno ya ndani ya kitovu, pima kimo cha kitovu hicho, na angalia kama springi za katikati zimebana au zinacheza ukizisukuma kwa kidole. Angalia vidole vya presha pleti kama vyote viko kwenye kimo kimoja. Mpe muuzaji namba ya chesisi pia, kwani gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na injini mbili tofauti na klachi za vipenyo viwili tofauti.

Seti mpya halisi iliyofungwa kwa uangalifu ndiyo inayolisogeza swali la giaboksi mbali kuliko zote. Gharama yake ya mwanzo ndiyo kubwa. Gharama yake kwa kila kilomita ndiyo ndogo.

Pleti mpya peke yake

Hili ndilo chaguo linalowavutia wengi, kwa kuwa pleti ndiyo inayoonekana kuisha. Presha pleti ikitolewa hung'aa, beringi inazunguka, na fundi anasema bado ni nzima. Lakini springi ya presha pleti hupoteza nguvu kwa joto, na upotevu huo hauonekani kwa macho. Pleti nene na mpya iliyobanwa na springi dhaifu itaanza kuteleza mapema ikipewa mzigo. Beringi nayo, ambayo ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vitatu, ndiyo inayoachwa mara nyingi, na ikifa baada ya miezi mitatu giaboksi inashuka kwa ajili yake peke yake. Kumwachia mteja beringi ya zamani ili apunguziwe bei ni kumtendea vibaya, hata pale fundi anapofanya hivyo kwa huruma.

Kuna hali moja ambapo nakubaliana na chaguo hili: seti ilifungwa si muda mrefu uliopita, pleti ikalowa oili kwa uvujaji wa sili, na presha pleti haina doa la joto wala mkwaruzo. Hapo badilisha pleti na sili, safisha uso wa presha pleti na flaiwili kwa kimiminika cha kusafishia breki, na uendelee. Kwa lugha ya vipimo, vitabu vya ufundi vya Toyota nyingi hutaka kina cha ribiti, yaani umbali kutoka uso wa lainingi hadi kichwa cha ribiti, kisipungue milimita 0.3, na mtikisiko wa flaiwili usizidi milimita 0.1. Fundi mwenye kifaa cha kupimia atakuonyesha namba hizo. Asiye nacho anakisia.

Mtumba

Hoja ya wanaopenda mtumba ni kwamba kifaa kilichotumika cha kiwandani ni bora kuliko kipya cha bandia. Hoja hiyo ina ukweli katika starita, jenereta au hata giaboksi nzima. Katika klachi ina udhaifu, kwa sababu klachi ni kifaa cha kulika: anayekuuzia mtumba anakuuzia kilichobaki, na hakuna ajuaye kilichotangulia.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa. Magari mengi ya abiria yanayotoka Japani ni ya otomatiki. Klachi inayoletwa kutoka kule, kwa hiyo, mara nyingi imetoka kwenye gari la kazi: Probox ya kampuni, HiAce ya mizigo, Suzuki Carry ya kusambazia bidhaa, magari yanayosimama na kuondoka mchana kutwa. Wazo kwamba ilitumiwa kwa upole na mzee mmoja wa mjini halina msingi.

Ukilazimika, kwa mfano gari lako ni la nadra na seti mpya haipatikani isipokuwa kwa kuagiza na kungoja wiki kadhaa, chukua presha pleti na pleti zilizotoka kwenye injini moja, kataa yenye doa la buluu au harufu ya kuungua, pima kina cha ribiti, na ununue beringi mpya. Beringi ya mtumba usiikubali kwa bei yoyote. Kina kikiwa kimekaribia kile kipimo cha milimita 0.3, unachonunua ni kifaa kilichokwisha.

Kubandika lainingi upya

Hapa pleti kuukuu inapelekwa kwa fundi wa lainingi, ribiti za zamani zinang'olewa, kitambaa kipya cha msuguano kinapigwa ribiti na pleti inarudishwa. Kazi hii ina heshima yake, na kwa mashine fulani ndiyo njia pekee iliyobaki. Trekta la shambani, lori la zamani la dizeli lenye injini ya mizunguko michache, au gari ambalo vipuri vyake havitengenezwi tena, vyote vinaweza kuhudumiwa hivi kwa miaka.

Katika gari dogo la injini ya petroli inayozunguka kwa kasi, mambo hubadilika. Lainingi isiyolingana unene huleta mtetemo wakati wa kuondoka. Ribiti iliyopigwa kombo hukatika, na kipande cha lainingi kilichorushwa ndani ya kava huiziba klachi isiachie kabisa. Juu ya hayo, springi za kitovu na vyuma vyembamba vinavyobeba lainingi vinabaki kuwa vya zamani. Muulize fundi kwa uwazi kama anachotumia kimetengenezwa kwa klachi, kwa sababu wapo wanaokata lainingi ya breki na kuibandika humo, na msuguano wake pamoja na uwezo wake wa kuhimili mzunguko si wa kazi hiyo. Lainingi za miaka ya nyuma zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Vumbi ndani ya kava la klachi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na upepo wa kompresa usielekezwe humo, kwa manufaa ya fundi na ya mtoto anayejifunza kazi kando yake.

Flaiwili: kukereza, kupiga msasa au kubadilisha

Uso wenye mikwaruzo midogo na rangi moja unatosha kupigwa msasa. Wenye madoa ya joto au mfereji ulioachwa na ribiti upelekwe kwenye mashine ya kukereza, na ukerezwe kwa kiasi kidogo kinachotosha kuunyoosha. Wenye nyufa zinazoingia ndani ya chuma ubadilishwe, maana flaiwili inayopasuka ikiwa kwenye mwendo huruka vipande na kutoboa hata sakafu ya gari. Magari ya dizeli ya Ulaya yenye flaiwili ya vipande viwili ni hadithi tofauti: kipande kimoja hucheza juu ya kingine kwa springi, na kikianza kucheza kupita kiasi kwa kawaida flaiwili nzima hubadilishwa. Anayenunua gari la namna hiyo aliweke jambo hili katika hesabu zake mapema.

Ningechagua nini, kwa gari gani

Kwa gari la familia litakalokaa na mwenyewe, seti mpya ya mtengenezaji anayejulikana, flaiwili ikerezwe kama inahitaji, na sili ya nyuma ya injini ibadilishwe hata kama haijaanza kuvuja. Sili ni kifaa cha bei ndogo kilichojificha nyuma ya kazi kubwa. Beringi ndogo iliyo mwisho wa krankishafti, pale panapokaa ncha ya shafti ya giaboksi, nayo ibadilishwe kwenye magari yaliyo nayo.

Kwa HiAce ya daladala au matatu hesabu ni kali zaidi, na hapa natofautiana na wamiliki wengi. Wao huona kwamba gari la biashara linafaa kufungwa kifaa rahisi kwa kuwa litachakaa tu. Lakini kila siku ambayo gari limelala gereji ni hesabu ya siku isiyoletwa, na dereva na kondakta wake nao hawakuingiza kitu. Pleti ya bei ndogo inayorudisha gari gereji mara mbili ndani ya mwaka imekwisha kula, kwa siku zilizopotea na malipo ya fundi, ile pesa iliyoonekana kuokolewa. Gari la biashara ndilo linalohitaji seti mpya kuliko gari la nyumbani.

Kwa kirikuu cha sokoni ambacho mwenyewe anapanga kukiuza, pleti pamoja na beringi mpya, presha pleti ikiwa imekaguliwa, ni uamuzi wa haki mradi mnunuzi aelezwe kilichobadilishwa na kisichobadilishwa.

Ufungaji unaoilinda fedha yako

Seti nzuri huharibiwa na ufungaji mbaya kwa saa moja. Pleti ipangwe katikati kwa kifaa chake, au kwa kipande cha shafti kuukuu yenye meno yaleyale, kabla boliti za presha pleti hazijakazwa. Boliti hizo zikazwe kidogokidogo na kwa kuvukana; katika Toyota nyingi mkazo wa mwisho ni nyutoni-mita 19, ambao ni mdogo kuliko mkono wa fundi mwenye nguvu unavyodhani. Grisi ipakwe kwa wembamba kwenye meno ya shafti na kwenye uma, na isiguse lainingi. Giaboksi inapopandishwa isiachwe ining'inie kwenye kitovu cha pleti hata kwa dakika moja, kwa sababu uzito wake huipinda pleti, na klachi mpya iliyopindwa haitaachia gia vizuri, hata ukiitoa hewa mara ngapi.

Kabla ya kulipa, omba vifaa vyote vya zamani uvione: pleti, presha pleti, beringi na sili. Pima nafasi ya bure ya pedali, ingiza rivasi gari likiwa limesimama na usikilize kama inasaga. Kisha endesha kilomita 500 za mwanzo bila kuvuta mzigo mzito na bila kuondoka kwa kishindo, ili nyuso mpya zikutane sawasawa. Lile jaribio la gia ya nne lisirudiwe kabla ya hapo, kwa kuwa lainingi ambayo bado haijakaa inaweza kuteleza kidogo ikakufanya umshuku fundi bure, na joto la jaribio lenyewe likauchoma uso ambao umeugharamia.